Babu na Waraka wa Hewa Baridi

Umma unatangaziwa, kwa unyenyekevu unaolingana na ukubwa wa jambo lenyewe, kwamba Idara ya Uthibitisho wa Vyeti imeingia rasmi katika Zama za Kasi. Zama hizo zilifunguliwa Jumatatu baada ya chai, katika ukumbi mdogo wa mikutano, na Mheshimiwa Kaimu Mkurugenzi, ambaye aliahidi kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mwananchi atakayesubiri cheti chake kithibitishwe mpaka asahau alikisomea nini.

Mimi nilikuwapo. Nilikuwa nimeteuliwa Katibu wa Kamati ya Kudumu ya Muda ya Kuongeza Kasi, kwa sababu nilisomea ualimu chuoni, nilifundisha miaka mingi kabla ya kuazimwa na Idara, na mwandiko wangu unasomeka. Nayaeleza mambo haya kwa mpangilio yalivyotokea, kwa kuwa mitaani kumezuka maneno, na maneno ya mitaani hayana aya wala vichwa vya habari.

Idara yetu ina kompyuta moja inayofanya kazi. Ni ya mezani; ilikuwa nyeupe ilipoletwa na sasa rangi yake inafanana na meno ya mvuta sigara. Watumishi na wananchi huiita Babu. Mtu anapofika asubuhi haulizi habari za kazi, huuliza, "Babu ameamka?" Akishaamka, Babu hutafuta jina la mwenye cheti katika kumbukumbu za shule na vyuo vyote, huku mwenye jina akitazama duara dogo likizunguka kwenye kioo. Wapo waliolizoea duara hilo mpaka wakaanza kuliaga wanapoondoka.

Msomaji atauliza kwa nini hatukununua kompyuta mpya. Swali ni zuri na jibu lake lipo. Kanuni za manunuzi zinataka kifaa cha zamani kwanza kitolewe cheti cha kufa. Cheti chochote, kabla hakijatumika, sharti kithibitishwe na Idara ya Uthibitisho wa Vyeti. Idara huthibitisha vyeti kwa kumtumia Babu. Tulijaribu mara moja. Babu alizungusha duara lake kutwa nzima, kisha akajibu kwamba hana taarifa za kifo hicho.

Hata hivyo, kilichomnyima Mheshimiwa usingizi haikuwa foleni. Lilikuwa neno "Kaimu". Neno hilo lilikuwa limekaa mbele ya cheo chake muda mrefu, kama kokoto ndani ya kiatu: halimzuii mtu kutembea, lakini hakuna hatua anayopiga bila kulikumbuka. Sasa makao makuu yalikuwa yamemwarifu kwamba Mkaguzi atafika mwisho wa mwezi. Akiikuta Idara ina kasi, Mheshimiwa atathibitishwa kuwa Mkurugenzi kamili. Akiikuta ilivyo, atarudishwa alikotoka, kwenye meza iliyo ukutani karibu na choo.

"Kompyuta haibadilishiki," alituambia kikaoni, "na mimi lazima nibadilike cheo. Kwa hiyo iongezwe kasi."

"Iongezwe kwa waraka, Mkuu, au kwa fundi?" niliuliza, kwa kuwa mpangilio ni muhimu.

Alitafakari. "Kwa vyote viwili. Uanze waraka."

Waraka ulitoka siku hiyohiyo, ukiiagiza kompyuta ya Idara iongeze kasi mara moja bila kuathiri nidhamu. Niliusoma kwa sauti mbele ya Babu, nikabandika nakala ubavuni mwake. Tulipoona hadi alasiri hakuna badiliko isipokuwa mlio wa feni kuwa mzito, tukamwita fundi.

Fundi wetu ana duka la kutengeneza kompyuta ng'ambo ya barabara, na watu humwita Mama Volti. Tulisoma naye chuo kimoja cha ualimu, darasa moja, dawati la nyuma yangu. Aliiacha chaki baada ya kugundua kwamba kompyuta ikifeli haiji na mzazi wake. Kujishusha hakukuwamo katika mafunzo aliyoyapokea. Aliingia, akamzunguka Babu, akakibandua kile nilichokibandika.

"Nani kaziba matundu ya hewa?"

"Huo ni waraka wa kuongeza kasi," nilimfahamisha.

"Basi waraka wenu ulikuwa unamkaba koo, Mwalimu."

Alifungua mfuniko. Ndani mlikuwa na vumbi la kutosha kuoteshea mbegu, na feni iliyokuwa ikizunguka kwa mazoea tu. Nilitoa daftari. Aliliona, akacheka.

"Hujaacha tu. Haya, andika, ila sitarudia, maana wewe nakujua kwa kurudiarudia. Huyu ana prosesa, ndiyo inayofikiri. Ana pia vijiti vya kumbukumbu, ndimo anamoshikia kile anachokifikiria kwa wakati huo. Kiwandani walimpangia mbio zake, wakabakiza akiba kidogo kwa ajili ya usalama. Tunaweza kuila ile akiba. Lakini kwa kijiko, si kwa sepetu."

"Na hatari iko wapi?"

"Kwenye joto na umeme. Ukitaka mbio zaidi, atataka umeme zaidi. Ukimpa umeme ovyo, anachemka. Akichemka, anaganda, au anakuachia moshi. Kwa hiyo kwanza tunanakili kila kilichomo humu tukakiweke mbali naye. Pili usafi. Halafu nampaka dawa mpya ya kupitisha joto, hapa kati ya prosesa na hiki chuma cha kupozea. Hii ya zamani imekauka kama ugoro. Baada ya hapo ndiyo tunaanza kupandisha kasi, ngazi moja moja. Tunapandisha, tunapima. Akiyumba, tunashuka. Na hatugusi vitu viwili kwa wakati mmoja, maana akianguka hutajua kakwazwa na kipi."

Nilifurahi kupita kiasi kinachoruhusiwa mtumishi wa umma. Hayo aliyoyasema ndiyo yaleyale tuliyofundishwa chuoni: mwanafunzi hapandi darasa kabla hajafaulu mtihani wa darasa alilomo, hafundishwi mada mbili mpya kwa kipindi kimoja, na akishindwa hachapwi, bali hurudishwa hatua moja ili ajipange. Nilipendekeza kwa Kamati kwamba Babu aandikishwe Darasa la Kwanza la Kasi. Pendekezo lilipita bila kupingwa, na mjumbe mmoja akauliza kuhusu sare.

Kazi ilianza. Kuna ukurasa wa bluu unaojitokeza kabla kompyuta haijaamka sawasawa, ambamo mwenye ujasiri anaweza kuiambia prosesa ikimbie kiasi gani. Mama Volti aliufungua, akapandisha kasi ngazi moja, akaiacha volti kama ilivyokuwa, kisha akamwamsha Babu na kumpa mtihani: programu ya kumchosha makusudi, inayomrundikia hesabu ngumu mfululizo huku ikituonyesha joto lake pembeni. Tuliketi tukimtazama kama ndugu wa mgonjwa.

Mtihani ulipokuwa ukiendelea, kichwa kilichungulia dirishani. Alikuwa mkunga, mama wa makamo mwenye mikono mipana, ambaye hospitali ilikataa kumrudisha kazini mpaka tumthibitishie cheti chake cha ukunga. Alikuwa ameizoea foleni yetu kiasi cha kuwa na upande wake wa benchi.

"Mwalimu, Babu mmemfanya nini?"

"Yuko kwenye mtihani."

"Na mimi?"

"Wewe uko kwenye foleni."

"Watoto wa watu hawazaliwi kwa foleni, baba. Akija, kaja."

"Hoja hiyo nitaifikisha kwenye Kamati," nilimwahidi, na nikaifikisha. Kamati iliipokea, ikaishukuru, ikaielekeza kwa kamati ndogo ambayo bado haijaundwa.

Babu alifaulu. Alipanda Darasa la Pili, akafaulu tena. Mama Volti akampigapiga mgongoni, akaaga kwenda kula, akiacha agizo kwamba asiguswe na mtu. Ni wakati huo Mheshimiwa alipofika kukagua maendeleo.

"Prosesa imeongezewa kasi," nilimweleza. "Kumbukumbu bado, Mkuu. Zamu yake ni baadaye, prosesa ikishatulia."

Alikunja uso. "Yaani mkubwa anakimbia na msaidizi wake anatembea? Hiyo ni picha gani kwa Mkaguzi?"

"Ni utaratibu wa usalama."

"Usalama ni wangu mimi ninayerudishwa chooni." Alivuta kiti, akaniagiza nimfungulie ukurasa wa bluu, akaitafuta namba ya kumbukumbu, akaipandisha mpaka pale namba zilipogoma kuendelea. Kisha akajifuta mikono kwa leso kama aliyemaliza upasuaji.

Babu hakuwaka. Kioo kilibaki cheusi, na kutoka tumboni mwake ikasikika milio mifupi, kimya, milio mifupi tena, kimya tena. Kamati iliitishwa kwa dharura pale pale, imesimama. Mjumbe mmoja alisema hayo ni malalamiko. Mwingine akajibu kwamba kama ni malalamiko yangepitia kwa msimamizi wa karibu, na msimamizi wa karibu nilikuwa mimi, nami sikuwa nimepokea kitu. Baada ya mjadala tuliafikiana kwamba milio ile ni maoni binafsi ya kompyuta na haiwakilishi msimamo wa Idara.

Mama Volti alirudi akiwa bado na kijiti cha meno mdomoni. Alisikiliza milio, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani kamgusa?"

Kila mtu alipata kitu cha kutazama sakafuni.

"Nauliza kama mwalimu wa zamu. Nani kamgusa?"

Mheshimiwa alitazama dari. "Ofisi imegusa," alisema.

"Ofisi ina kidole?"

"Ofisi ilitaka kuharakisha."

Mama Volti alichomoa waya wa umeme, akamfungua Babu, akatoa kibetri kidogo cha mviringo kama kifungo cha koti, kinachomtunzia maagizo ya ukurasa wa bluu, akakaa nacho mkononi kwa muda akimtazama Mheshimiwa bila kupepesa. Kisha akakirudisha. "Sasa amesahau yote mliyomwambia. Bahati yenu anasahau, mimi sisahau. Kwa heshima zote, Mkuu, ukimgusa tena naondoka na bisibisi yangu, na huyo Mkaguzi utampigia wewe hesabu kwa vidole."

Mheshimiwa aliniagiza niandike kwamba majaribio ya awali ya kumbukumbu yamefanyika na yametoa mafunzo. Niliandika, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Tulianza upya Darasa la Kwanza, na kwa subira Babu akafika la Tatu. Hapo ndipo lilipojitokeza tatizo jipya. Chumba cha Babu kipo nyuma ya jengo, chini ya bati, na dirisha lake linatazama ukuta. Asubuhi alifanya kazi ya Darasa la Tatu vizuri sana. Jua likishapanda juu ya bati, joto lake nalo hupanda, naye huganda katikati ya jina la mtu. Ilikuwa kama kufundisha mwanafunzi anayefaulu asubuhi na kuzimia alasiri.

"Huyu hana kosa," Mama Volti alisema. "Mimi mwenyewe humu ndani nimeanza kuganda. Anataka chumba baridi. Hamna kiyoyozi?"

Wajumbe walikohoa. Kiyoyozi kipo, kimoja, ofisini kwa Mheshimiwa. Lakini upo pia Waraka wa Hewa Baridi, alioutoa Mheshimiwa mwenyewe wiki yake ya kwanza ya kukaimu, baada ya watu kuzidi kuingia ofisini kwake wakiuliza vitu ambavyo havikuhitaji kuulizwa na kusimama kwa muda mrefu wakisikiliza majibu. Waraka unasema kwamba mtu yeyote au chombo chochote kinachohudumia umma hakitakaa katika chumba chenye hewa baridi, isipokuwa awe ni mtumishi wa Daraja la Nane au zaidi.

"Si mlifute hilo likaratasi?" Mama Volti aliuliza.

Nilimweleza kwa upole, kama nilivyokuwa nikimweleza mambo chuoni. Kaimu anaweza kutoa waraka. Kuufuta ni mamlaka ya Mkurugenzi kamili. Mheshimiwa hawezi kuwa Mkurugenzi kamili bila kasi. Kasi haipatikani bila hewa baridi. Hewa baridi haipatikani bila kuufuta waraka.

Alishusha bisibisi. "Na nyinyi huwa mnalala usiku?"

Ni Mheshimiwa aliyepata ufumbuzi. Nakiri kwamba sikuwa nimewahi kumwona akifikiri kwa bidii namna ile. Alikuwa amefumba macho na mkono mmoja umeushika ukingo wa meza.

"Waraka unataka mtumishi wa Daraja la Nane," alisema. "Tumpe Babu daraja hilo."

"Babu ni kifaa, Mkuu," mjumbe mmoja alisema.

"Amefanya kazi hapa miaka mingi kuliko wote waliomo humu ndani. Hajawahi kudai likizo. Nani kati yenu anaweza kusema hivyo? Mwalimu, mfungulie jalada la utumishi."

Ni wajibu wangu kueleza kwamba jalada hilo lilikuwa kamili kuliko langu. Tarehe ya kuajiriwa tuliichukua kwenye kumbukumbu za stoo. Kwenye hali ya ndoa niliandika kwamba ameunganishwa na printa, lakini hawaelewani. Ripoti ya daktari iliandikwa na Mama Volti kwa kalamu ya wino mwekundu: "Apewe hewa. Asiulizwe maswali mengi kwa mpigo." Kwenye lugha anazozifahamu tuliacha wazi, maana nyingine hatukuwa na hakika nazo.

Kabla ya saini nilimkumbusha Mheshimiwa jambo moja, kwa kuwa katibu asiyekumbusha ni samani. Nilimwambia kwamba akishapandishwa, Babu atakuwa ndiye mtumishi pekee wa Daraja la Nane kamili katika jengo zima. Mheshimiwa mwenyewe, kwa daraja lake halisi, ni wa la Saba. Chumba cha baridi anakikalia kwa sababu kiti anachokikaimia ni cha la Nane.

"Ndiyo maana jengo hili linahitaji kiongozi," alijibu, akatia saini kubwa yenye mkia.

Babu alihamishiwa ofisini kwa Mheshimiwa siku iliyofuata. Aliwekwa juu ya meza kuu, maana hapo ndipo hewa inaposhukia. Mheshimiwa alihamia kiti cha wageni, akakisogeza kidogo ili goti lake lipate upepo. Na Babu, akipulizwa hivyo, alibadilika. Darasa la Tatu aliliweza asubuhi na jioni. La Nne aliliweza. Zamu ya kumbukumbu ilipofika, Mama Volti aliipandisha kwa vihatua vidogo kiasi kwamba Mheshimiwa alilazimika kwenda kutembea nje, akampima Babu kila mara, naye akavimudu vyote. La Tano aliyumba. Akarudishwa la Nne siku hiyohiyo, bila maneno makali, na hapo tukakubaliana abaki.

"Si angeweza kusukumwa kidogo tu?" Mheshimiwa aliuliza.

"Angeweza. Na mimi ningekuja kwenye mazishi. Mtu mzima huyu, Mkuu. Mwache na alichofikia."

Wa kwanza kuhudumiwa alikuwa mkunga. Alikaribia meza kuu, akatoa cheti, akaanza kutafuta mahali pa kuketi.

"Tayari," nilimwambia.

"Tayari nini?"

"Umethibitishwa."

Alisimama akiwa ameinama nusu, kati ya kuketi na kutoketi. "Hebu angalia tena, Mwalimu. Mimi nimejiandaa kwa kutwa nzima, hata chakula nimebeba." Kisha akamsogelea Babu, akamwinamia. "Asante, mume wangu. Na ujana huu ulikuwa umeuficha wapi?" Foleni nzima ikacheka, na Mheshimiwa pia, akicheka kama mtu anayeona neno "Kaimu" likichakaa lenyewe.

Mkaguzi alifika mwisho wa mwezi. Alikuwa mama mtulivu mwenye miwani iliyofungwa kamba, asiyeinua sauti na asiyekubali chai. Alisimama pembeni akaangalia watu wakiingia na kutoka. Kisha akatoa cheti chake mwenyewe mkobani, akakiweka mbele ya Babu bila kusema neno. Kilithibitishwa. Nilidhani nilimwona akishusha pumzi, lakini sitaliweka hilo kwenye kumbukumbu.

"Kasi ipo," alisema.

Mheshimiwa alikuwa amesubiri neno hilo. Alifunga vifungo vya koti. "Kama unavyoona, Mama, chini ya uongozi wangu makini..."

"Kwa nini kompyuta iko kwenye chumba cha hewa baridi? Ninao waraka wako hapa, unakataza."

"Imeruhusiwa," Mheshimiwa alisema kwa fahari. "Ni mtumishi wa Daraja la Nane."

"Jalada lipo?"

Nililitoa. Alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, akatabasamu kidogo alipofika kwenye printa.

"Saini hii ni yako?"

"Yangu."

"Kwa hiyo huyu ni wa Daraja la Nane kamili. Hakaimu."

"Kamili kabisa. Sisi hapa hatufanyi mambo nusunusu."

"Na wewe ni wa daraja gani?"

"La Saba," Mheshimiwa alisema. "Lakini nakaimu."

"Kanuni ya kukaimu naamini unaifahamu. Kaimu hukaa mpaka kituo kipate mtumishi mwenye daraja kamili la kiti hicho. Kituo kimempata." Aliligonga jalada kwa kidole. "Kimempata kwa mkono wako."

"Mama, hii ni kompyuta."

"Inawezekana. Lakini kama ni kompyuta, basi umetia saini kwamba kompyuta ni mtumishi wa umma, na hilo ni kughushi, nitaliandikia taarifa ya peke yake. Kama ni mtumishi, basi ni Mkurugenzi wako, na nakupongeza kwa kumlea. Chagua lolote, mimi sina haraka."

Mheshimiwa alinigeukia. "Mwalimu, sema kitu."

"Niliwahi kusema, Mkuu. Ipo kwenye kumbukumbu za kikao, pamoja na jibu lako."

Alimtazama Babu. Babu alikuwa akithibitisha cheti cha fundi seremala, hana habari na mtu. Mheshimiwa akafungua vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine.

"Ni mtumishi," alisema kwa sauti ya chini.

Mkaguzi alitoka mlangoni akaiuliza foleni kama yupo mwenye pingamizi juu ya Mkurugenzi mpya. Seremala alisema huyu hamjibu mtu vibaya. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yake akasema huyu haendi kunywa chai akasahau kurudi. Mama Volti, aliyekuwa amekuja kufuta vumbi kwenye feni, alisema, "Na akishindwa anakubali kurudi nyuma hatua moja. Nyinyi mmeshamwona mkubwa wa hivyo wapi?" Hakuna aliyekuwa amemwona. Mkaguzi akaandika kwamba hakuna pingamizi.

"Na mimi je?" Mheshimiwa aliuliza.

Mkaguzi alimwonea huruma, kwa kadiri kanuni inavyoruhusu. "Mkurugenzi asipokuwapo, lazima awepo wa kukaimu. Nafasi hiyo nakuachia."

"Atakuwa hayupo lini?"

"Umeme ukikatika."

Tangu hapo mambo ya Idara yanaendeshwa kwa utaratibu mzuri. Mheshimiwa amerudi kwenye meza ya karibu na choo, ambako ameweka redio ndogo ya betri ili asikilize matangazo ya kampuni ya umeme. Siku ya kwanza umeme ulipokatika alifika ofisi kuu akihema, koti amelivaa upande mmoja, akaketi kwenye kile kiti. Kiyoyozi kilikuwa kimekufa pamoja na umeme, na madirisha ya chumba hicho hayafunguki, kwa sababu aliyaziba yeye mwenyewe ili baridi isitoroke. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. Akaniagiza nimwite mtu wa kwanza kwenye foleni.

Aliingia mama aliyebeba mtoto mgongoni.

"Babu yuko wapi?"

"Amelala. Mimi ndiye Kaimu. Lete."

Alimpa karatasi. Mheshimiwa aliigeuza mbele na nyuma, akaiinua kuelekea dirishani, akaisogeza puani. "Kwa kuitazama," alisema, "inaonekana ni halali."

"Hiyo ni kadi ya kliniki ya mtoto, baba. Cheti sijakitoa bado."

Aliirudisha kwa adabu, akafuta paji la uso, akainua kalamu ili afanye jambo lolote ambalo kalamu inaweza kufanya. Wakati huohuo taa ziliwaka. Kiyoyozi kilikohoa, kikaanza kupuliza. Feni ya Babu ikazunguka, na kioo chake kikapata rangi. Mheshimiwa alisimama, kama anavyotakiwa kusimama mtumishi wa Daraja la Saba Mkurugenzi wake anapoamka. Alipitisha uso wake mbele ya ule upepo, mara moja tu, kwa wizi, kisha akatoka na kuufunga mlango taratibu, baridi isipotee.